Mshale Hauna Mlio

Watengenezaji wa bastola kubwa wakati mwingine hutoboa matundu karibu na mdomo wa mtutu. Gesi hutokea juu, silaha hairuki sana mkononi, lakini mlio unazidi. Kila silaha ina bei yake. Bei ya upinde ililipwa Shinyanga.

Baada ya Vita ya Kagera ya 1978–1979, bunduki zilizagaa hadi mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Kahama na vya jirani zao wa Nzega vikaunda Sungusungu. Yowe likipigwa, wanaume walitoka na pinde. Ukilinganisha silaha kwa silaha, walikuwa wamezidiwa. Lakini upinde hauhitaji risasi za kununua, hautoi moto gizani, na kila kaya inaweza kuwa nao. Mwizi mwenye bunduki alijikuta amezungukwa na kijiji kizima asichokiona. Utaratibu huo ukaenea Usukumani, hadi Mwanza, mkoa uliokuwa na Geita wakati huo.

Sifa hizohizo zilikuwa na upande wa pili. Bunduki halali ina namba na kibali, mshale hauna. Wapo walioshukiwa wizi, na wanawake walioshukiwa uchawi, waliofukuzwa au kuuawa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1989 sheria iliwapa Sungusungu mamlaka ya kukamata, kama polisi. Kundi likatambuliwa rasmi. Aliyeachia mshale usiku aliweza kubaki bila kujulikana.