Zeze la Mchina na Zeze la Mgogo



Sisi wa Liganga na Makambako tumewajua Wachina kwa chuma. Baina ya mwaka 1970 na 1975 walijenga pamoja na wananchi reli ya TAZARA ipitayo Makambako, na mwaka 2011 kampuni yao ikatia saini mkataba juu ya chuma cha Liganga. Lakini wachache wetu wanakijua chombo chao kiitwacho erhu, nacho ni ndugu wa zeze.

Erhu ni mzinga mdogo wa mti uliowambwa ngozi ya chatu, wenye mpini mrefu na nyuzi mbili. Upinde wake wa singa za farasi hupita katikati ya nyuzi hizo. Jina lenyewe lakiri asili ya ugenini: "er" ni mbili, na "hu" ndivyo Wachina walivyowaita watu wa kaskazini na magharibi yao. Waarabu nao wana rababa, aliyoieleza mwanachuoni Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950. Na Wagogo wa Dodoma wana zeze la kibuyu, lipigwalo kwa upinde vile vile.

Wanazuoni wana maneno yao juu ya ala za muziki. Hapa twazungumza habari ya kurithishana elimu.

Katika mji wa Wuxi alikuwapo kipofu maskini, Abing, aliyepiga erhu njiani apate riziki. Mwaka 1950 walimu wa muziki walimwendea na kinasa sauti, wakanasa nyimbo sita tu, tatu kati yake za erhu. Kabla ya mwaka kwisha Abing alifariki. Je, wangalichelewa miezi michache? Leo nyimbo hizo zafundishwa vyuoni. Zile ambazo hazikunaswa zilizikwa pamoja naye.

Kwetu, Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alilifikisha zeze hadi Ulaya. Alifariki mwaka 2003, naye alikwisha kuwarithisha jamaa zake. Lakini si kila mzee mwenye zeze amepata wa kumrithi.

Basi ewe mzazi, nawe mwalimu, akiwapo kijijini mzee ajuaye kazi hii, usingoje mazishi yake ndipo umsifu. Mpelekee kijana akae naye angali hai. Sifa za kaburini hazimfundishi mtu kukaza uzi.