Ajali Yenye Kinga: Historia ya Kujifunza Sarakasi za Skuta

Skuta ya kusukumwa kwa mguu, yaani chombo chenye ubao mwembamba, magurudumu mawili madogo na usukani wima, ambacho mwendeshaji husimama juu yake kwa mguu mmoja na kujisukuma kwa mguu wa pili, imekuwa mchezo wa watoto kwa zaidi ya karne moja. Sarakasi zinazofanywa juu yake, kama vile kuruka ngazi, kuzungusha usukani hewani na kupinduka kichwa chini juu ya rampu, ni desturi changa iliyoanza kushika mizizi kuanzia mwaka 2000. Katika muda huo mfupi desturi hiyo imejijengea utaratibu wa kumfundisha mwanagenzi bila kumvunja viungo, nao haukutungwa na mtu mmoja wala kutolewa na serikali yoyote. Ulikusanywa kidogo kidogo kutokana na mifupa iliyovunjika, vyuma vilivyokatika na viwanja vilivyofungwa, hata ikawa karibu kila kanuni anayopewa mtoto siku ya kwanza ina chanzo kinachoweza kuelezwa. Waswahili husema ajali haina kinga, na msemo huo huwafariji waliokwisha kupatwa. Lakini historia ya skuta inaonyesha kwamba ajali nyingi za wanagenzi zina kinga, nayo ilipatikana pale watu walipochunguza kwa makini jinsi wanavyoanguka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wa miji ya viwanda huko Ulaya na Marekani walijitengenezea skuta kwa vipande vya mbao na magurudumu yaliyong'olewa kwenye viatu vya kuteleza. Katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wazo hilohilo lilichukua sura ya kazi: chukudu, skuta kubwa ya mbao inayobeba mamia ya kilo za viazi, makaa au kuni, ilienea katika miaka ya 1970, na mji wa Goma umeisimamishia sanamu kwa heshima ya mchango wake katika uchumi wa watu. Mwenye chukudu anayeteremka na mzigo mlimani huweka goti juu ya ubao ili kushusha uzito wa mwili, na hupunguza mwendo kwa kipande cha tairi kinachobanwa kwenye gurudumu la nyuma. Kushusha uzito na kutawala mwendo kabla ya jambo jingine lolote ndiyo misingi ambayo wacheza sarakasi wa nchi za mbali walikuja kuifikia kwa njia yao wenyewe.

Chombo kilichozaa sarakasi hizo kilitoka Zurich, Uswisi, ambako katika miaka ya 1990 Wim Ouboter alibuni skuta ndogo ya alumini inayokunjika, akiwa na nia ya kurahisisha safari ambazo ni ndefu mno kwa miguu na fupi mno kwa gari. Skuta hiyo ilitengenezwa kwa wingi na JD Corporation, kampuni ya Taiwani, na mwaka 2000 ikaingia katika soko la Marekani kwa jina la Razor, ambako watoto waliipokea kwa shauku ambayo wauzaji wenyewe hawakuitarajia. Ikumbukwe kwamba ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mtu anayekwenda dukani au kituoni, juu ya lami laini, magurudumu yote mawili yakiwa chini. Watoto, kwa upande wao, waliona ndani yake chombo cha kurukia, na pengo kati ya nia ya mbunifu na matumizi ya mtoto ndilo lililojaza vyumba vya dharura vya hospitali.

Mnamo Desemba 2000, kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti iliyokadiria kwamba kati ya Januari na Oktoba mwaka huo watu wapatao 27,600 walitibiwa kwa majeraha ya skuta, na kwamba takriban asilimia 85 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Asilimia 29 ya majeraha yalikuwa ya mifupa kuvunjika au viungo kuteguka, asilimia 42 yaliupata mkono au kiganja, na asilimia 27 yaliangukia kichwa au uso. Takwimu hizo ndizo zilizoupa ushauri wa usalama umbo lake: helmeti kwa ajili ya kichwa, kinga za magoti na viwiko, sehemu laini isiyo na magari, kuepuka maji, mchanga na kokoto, kutoendesha usiku, na mtu mzima kuwa karibu na mtoto wa chini ya miaka 8. Ripoti hiyo ilikuwa na uangalifu wa pekee kuhusu kinga ya kifundo cha mkono, ambayo husifiwa sana katika viatu vya kuteleza, kwa kuwa katika skuta inaweza kumzuia mwendeshaji kushika usukani sawasawa. Kifaa kinachofaa katika mchezo mmoja hakifai moja kwa moja katika mwingine.

Hatari ya kwanza ilikuwa kokoto, na sababu ya kutajwa kwa jina ni ya kimakanika. Gurudumu la skuta za wakati ule lilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 100, nalo lilikuwa gumu na halina upepo, kwa hiyo jiwe dogo ambalo tairi la baiskeli hulipita bila kutikisika lililisimamisha ghafla, huku mwili wa mtoto ukiendelea mbele kwa mwendo uleule na mikono ikitangulia kufika chini. Ndiyo maana mwanagenzi wa leo hufundishwa kuikagua sehemu ya kuchezea kwa miguu kabla ya kupanda skuta, na kusimama huku magoti yamekunjwa kidogo na uzito ukiwa katikati ya ubao, ili mshtuko wa ghafla upokewe na miguu badala ya viganja.

Hatari ya pili ilikuwa katika chombo chenyewe. Kiungo cha kukunjia, ambacho kilikuwa fahari ya mbunifu, kililegea kwa kishindo cha kutua; usukani uliorefushwa kwa bomba ndani ya bomba ulicheza; na magurudumu yenye kiini cha plastiki yalipasuka. Vijana waliobaki na skuta baada ya mtindo huo kupoa walianza kutoboa kiungo hicho na kukikaza kwa bolti, kisha watengenezaji wadogo waliotoka miongoni mwao wakaleta ubao wa kipande kimoja usiokunjika, usukani uliochomelewa, magurudumu yenye kiini cha alumini, na namna ya kukaza beringi za usukani iliyofanana na ile ya baiskeli za BMX. Hapo ndipo ilipotokea tofauti ambayo mzazi anapaswa kuijua kuliko zote: skuta inayokunjika ni ya safari, na skuta isiyokunjika ni ya sarakasi, na kumpa mtoto ile ya kwanza kwa kazi ya pili ni kurudia kosa la mwaka 2000.

Hatari ya tatu ilikuwa ya mahali, na hapa skuta ilirithi historia ndefu ya skeitibodi, yaani ubao wa magurudumu usio na usukani. Viwanja vingi vya zege vilivyojengwa Marekani katika miaka ya 1970 vilifungwa kwa hofu ya kesi na gharama za bima, mpaka California ilipopitisha mwaka 1997 sheria iliyopunguza dhima ya serikali za mitaa kwa skeitibodi na kusisitiza helmeti na kinga za viungo viwanjani, jambo lililoipa miji ujasiri wa kujenga upya. Kutoka jimnastiki likaja shimo la sponji, yaani shimo lililojazwa vipande vya sponji kama ile ya magodoro, ambalo kambi ya Woodward huko Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1970 kama kambi ya jimnastiki, ilisaidia kuliingiza katika michezo ya magurudumu. Uingereza nako, katika mji wa Corby uliokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, Mandy Young, mzazi aliyetaka vijana wapate mahali salama pa kuchezea, alianzisha Adrenaline Alley, ukumbi wa ndani ambao ulikuja kuwa miongoni mwa makao makuu ya sarakasi za skuta.

Vyombo na viwanja vilipotengemaa, ufundishaji nao ukapata mpangilio. Mwanagenzi huanza kwa kujisukuma na kufunga breki kwa kukanyaga bamba la nyuma, kisha hujifunza kuanguka: kuteleza kwa magoti yenye kinga ngumu ya plastiki, mbinu iliyotoka kwa wacheza skeitibodi, na kujiviringisha kwa bega badala ya kunyoosha mikono. Baada ya hapo huruka pamoja na skuta mahali tambarare, akiinua magurudumu yote mawili kidogo tu, kabla ya kuongeza robo mzunguko na nusu mzunguko. Umuhimu wa ngazi hizo huonekana katika teiliwipu, sarakasi ambayo mwendeshaji, akiwa hewani na ameshika usukani, huusukuma ubao kwa mguu ili uzunguke mduara kamili kabla ya kuukanyaga tena. Ubao huo ni chuma chenye ncha, na anayechelewa kuinua miguu hugongwa kwenye muundi au kifundo cha mguu. Kwa hiyo walimu hutaka kwanza aruke juu vya kutosha, kisha azungushe ubao na kuruka pembeni bila kujaribu kuukanyaga, na mwisho atue kwa mguu mmoja, akirudia kila hatua mpaka mwili uizoee. Hata mabingwa hufuata njia hiyo, wakijaribu sarakasi mpya kwenye sponji kabla ya kuipeleka kwenye rampu ngumu.

Helmeti ina somo lake. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078, kilichotolewa mwaka 1997, kinahusu helmeti za baiskeli, skeitibodi na viatu vya kuteleza, na helmeti nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwa kuacha povu lake gumu lipondeke na kumeza nguvu ya pigo, hivyo iliyokwisha kupata pigo kubwa hubadilishwa hata kama kwa nje haina ufa.

Afrika Mashariki nayo ina viwanja vya zege, kikiwemo cha Kitintale, Kampala, kilichojengwa mwaka 2006, na cha Shangilia, Nairobi, cha mwaka 2013, ingawa vyote viwili vilijengwa kwa ajili ya skeitibodi. Mtoto wa huku anayevutiwa na skuta hana haja ya kupitia upya njia ya maumivu waliyoipita wenzake wa mwaka 2000, kwa sababu kanuni zimekwisha kugharimiwa: chombo kisichokunjika, sehemu iliyofagiliwa, helmeti iliyo nzima, kujua kuanguka kabla ya kuruka, na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mzazi, mwalimu au diwani anayewaona watoto wakiruka barabarani anaweza kuchagua kuwafukuza au kuwatafutia mahali na mwongozo, na historia hii yote inatetea chaguo la pili, kwa kuwa marufuku haikumwondolea mtoto yeyote hamu ya kuruka, ilhali mafunzo yamewawezesha wengi kuruka na kurudi nyumbani wazima.