Mikutano ya Siha na Upande wa Mashariki wa Nairobi

Wajumbe wa mataifa wanaokuja Nairobi kujadili siha ya wanadamu hushukia Embakasi, katika kiwanja cha ndege kilichofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la mahabusu wa siku za Hali ya Hatari ya kikoloni, na aghalabu dakika zile za kwanza, kabla gari la kuwapokea halijaishika barabara ya Mombasa kuelekea mjini, ndizo zinazowaweka karibu na mtaa wa Tassia kuliko watakavyopata kuwa tena mpaka siku ya kuondoka. Tassia hubaki upande wa kuume wa safari yao, ng'ambo ya bohari na viwanda, kando ya barabara ya Outering, ikipakana na Fedha na Pipeline. Ardhi yake ilikuwa milki ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ikakatwa viwanja, na juu ya viwanja hivyo yakapanda majumba ya ghorofa ya wapangaji, jumba likiegemea jumba, kabla barabara, mitaro na mabomba hayajawahi kuufikia mtaa. Hata mradi wa kuvitia vitu hivyo, uliotajwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 5, ulipozungumzwa mwaka 2014, uliishia kuwa hoja ya mabishano Bungeni kabla haujawa neema ya wakazi. Nimekusudia kusimulia tarehe ya mikutano hiyo mikuu kwa kuitazama kutoka upande huu wa mji, kwa sababu vitabu vingi vimeisimulia kutoka jukwaani.

Mwanzo wa mambo si mkutano, ni ripoti. Nairobi changa, mji wa reli uliosimamishwa juu ya tope, ilikuwa imekwisha kupigwa na tauni zaidi ya mara moja, na serikali ya kikoloni ikamleta kutoka Uingereza bingwa wa usafi wa nchi za joto, W. J. Simpson, ambaye ripoti yake ya mwaka 1914 ilishauri kwamba kaumu mbalimbali zikae mitaa mbalimbali, na ushauri huo ukavikwa joho la utabibu. Kuanzia hapo kila mtaa wa Waafrika uliopangwa na baladia, Pumwani katika miaka ya 1920 na Kaloleni katika miaka ya 1940, uliwekwa upande wa mashariki. Na mashariki ndiko maji yaendako: mito ya Nairobi, Ngong na Mathare huanzia nyanda za juu za magharibi, ikapita katikati ya mji na ya viwanda, kisha ikateremkia mbuga za Embakasi na Ruai imebeba kila walichokikataa waliokaa juu. Mtu ashangaaye kwa nini maradhi ya tumbo yanaupenda upande mmoja wa mji hahitaji kwenda mbali. Na autazame mteremko.

Mikutano yenyewe katika Afrika ya Mashariki ilipata sauti kubwa mwaka 1950, wakati Shirika la Afya Duniani, lenye umri wa miaka miwili tu, lilipowakusanya Kampala wataalamu wa malaria wa Afrika ya Ikweta kuanzia tarehe 27 Novemba mpaka tarehe 9 Desemba. Hoja iliyowagawa ilikuwa nzito. D. Bagster Wilson, aliyekuwa akiifanyia malaria utafiti Amani katika Tanganyika, aliwaonya wenzake kwamba mtu mzima wa nchi hizi amejipatia kinga kwa kuumwa utotoni miaka nenda miaka rudi, na kwamba wakiiondoa malaria kwa dawa ya kupulizia ukutani kisha dawa ikakoma, kizazi kitakachofuata kitakutwa bila kinga wala dawa. Wengine wakamjibu kuwa kinga hiyo hununuliwa kwa roho za watoto wachanga, na ni bei gani hiyo. Mkutano uliazimia kwamba malaria ipigwe vita kwa njia za kisasa mara tu itakapowezekana, hata iwe imekita mizizi namna gani. Azimio lile nadhani lilikuwa la haki. Lakini kuanzia mwaka 1955 nyumba za Taveta na Pare, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, zilipopuliziwa dawa, vifo vya watoto vikapungua, upuliziaji ukakoma mwaka 1959, na malaria ikarudi taratibu kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini. Wilson alishindwa katika ukumbi, akaonekana alikuwa na neno shambani.

Mkutano ulioubadilisha upande wa mashariki wa Nairobi kwa mawe na saruji haukuwa hata wa matabibu. Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lilianza kujengwa mwaka 1967 liwe makao ya chama cha KANU, likakuzwa na kukamilika mwaka 1973 ili kuupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Humo, mwezi wa Septemba, rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alizungumza juu ya ufukara uliopindukia, ule unaomdhalilisha mtu hata akakosa mahitaji yanayompa heshima ya ubinadamu. Baada ya miaka miwili benki hiyo ilitia saini na serikali ya Kenya mradi wa Dandora: viwanja 6,000, kila kimoja kikiwa na maji na choo tayari, mwenyewe ajijengee vyumba kwa kadiri ya mfuko wake. Watu wengi wameulaumu mradi ule, na lawama zina msingi, kwani viwanja vingi vilihamia mikononi mwa wenye pesa, na jaa la taka la mji likafunguliwa ubavuni mwake katika miaka ile ile ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri katika mji huo huo, lilieleza kwamba watoto 328 wa ujirani wa jaa hilo walipimwa damu, na nusu yao wakakutwa na risasi kwa kiwango kilichofikia au kuvuka mpaka uliokubaliwa. Hata hivyo choo kilitangulia nyumba. Tassia ilijengwa baada ya Dandora, na huko nyumba ndizo zilizotangulia.

Sasa nifike penye uchungu. Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa dunia nzima walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Kisovieti, wakatangaza siha kwa wote ifikapo mwaka 2000, na wakaorodhesha maji safi na maliwato miongoni mwa tiba za awali, pamoja na chanjo na dawa. Ilikuwa ahadi pana, na Afrika iliipokea kwa furaha. Mwezi wa Februari 1987 zamu ikawa ya Nairobi, ukafanyika mkutano wa uzazi salama ambao mpaka leo unahesabiwa kuwa chimbuko la juhudi zote za namna hiyo. Dunia ikaelezwa kwamba wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa mimba na uzazi, karibu wote katika nchi maskini. Walioitisha mkutano huo walikuwa Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Mwaka huo huo wa 1987 Benki ya Dunia ilichapa waraka wake juu ya kugharimia huduma za afya katika nchi zinazoendelea, na ushauri mmoja mkuu wa waraka huo ulikuwa kwamba wagonjwa watozwe ada. Mwezi wa Septemba mawaziri wa afya wa Afrika, wakikutana Bamako, wakapitisha mpango wa jamii kuchangia bei ya dawa.

Mfuatano huo haukupata kusomwa kwa pamoja na mama mjamzito wa Embakasi, lakini yeye ndiye aliyeulipia. Desemba 1989 serikali ya Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vyake, chini ya jina la upole la kuchangia gharama. Wagonjwa walipungua kwa ghafula kiasi kwamba mwaka 1990 ada ya kujiandikisha kwa wagonjwa wa nje ilisimamishwa, kisha ikarudishwa kwa hatua kuanzia mwaka 1992. Mwaka 2004 ilipunguzwa ikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Na tarehe 1 Juni 2013 ndipo ada za vituo vya chini zilipofutwa, na mzazi akaruhusiwa kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Kutoka mkutano wa uzazi salama mpaka siku hiyo ni miaka 26. Mtoto wa kike aliyezaliwa Nairobi wakati wajumbe wakipiga makofi alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na pengine mama, kabla uzazi haujaachwa kutozwa ada katika mji uliotangaza usalama wake.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo siwezi kuipita bila kuisifu, nayo ni kazi ya kuhesabu. Katika mwaka 2000 watafiti wa kituo cha Kiafrika cha utafiti wa idadi ya watu na siha, APHRC, ambacho makao yake ni Nairobi, waliingia vitongoji duni vya mji huu nyumba kwa nyumba, wakarudi na hesabu iliyowanyima usingizi waliokuwa wakiamini kwamba mjini ni penye siha kuliko shamba. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa vitongojini, 151 hawakufikia umri wa miaka mitano. Kwa Nairobi nzima hesabu iliyojulikana ilikuwa 62, na kwa Kenya nzima, pamoja na vijiji vyake vya mbali, 112. Baadaye, katika Korogocho na Viwandani, kituo hicho kilikadiria vifo 706 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kabla ya hapo wastani wa mji ulikuwa umewaficha maskini nyuma ya migongo ya matajiri. Baada ya hapo hapakuwa na mjumbe aliyeweza kusimama jukwaani akasema hakujua.

Lakini hesabu ile nayo ilizaa upofu wake. Tangu hapo mikutano ya insafu katika siha imezoea kuiona Nairobi kama miji miwili, ule wa bustani na ule wa mabati, na Tassia si mmojawapo. Kuta zake ni za mawe, ghorofa zake zinakaribia wingu, mpangaji wake ana kazi na simu na kodi ya kila mwezi. Ilhali maji humjia kwa mkokoteni ndani ya mitungi, maji machafu hukatiza njia yake, na kituo cha kwanza cha tiba yake aghalabu ni duka la dawa la chini ya jumba. Mtafiti wa vitongoji humwona amepanda daraja, mpanga mji humwona hayumo katika ramani, na wote wawili humpita.

Mwezi wa Juni 2017 maradhi yaliwafuata wajumbe walipo. Watu wa afya waliokusanyika kwa mkutano wa kisayansi katika hoteli moja ya Nairobi walishikwa na kipindupindu wakalazwa, na mwezi uliofuata maradhi hayo hayo yakawapata wageni wa maonyesho ya biashara katika Jumba la Kenyatta lenyewe, mawaziri wawili wakiwamo. Kipindupindu kilikuwa kikizunguka Nairobi kwa vipindi tangu mwishoni mwa mwaka 2014. Kilipofika mezani pa wageni, wapishi wakaamriwa wapimwe upya upesi, na sikatai kwamba ilikuwa amri njema; nasema tu kwamba ilichelewa miaka miwili na zaidi, mpaka wagonjwa wakawa watu wenye vyeo.

Kisha ukaja mwaka 2019. Kuanzia tarehe 12 mpaka tarehe 14 Novemba, miaka 25 baada ya mkutano wa Cairo juu ya idadi ya watu na maendeleo, maelfu ya wajumbe walijaa katika Jumba la Kenyatta, wakaahidi kwamba vifo vya uzazi vinavyozuilika vitakomeshwa kabisa. Siku 22 baada ya mkutano kufungwa, Ijumaa tarehe 6 Desemba, jumba la wapangaji la ghorofa sita liliporomoka Tassia. Watu wasiopungua kumi walifukuliwa maiti. Sidai kwamba mkutano wa uzazi ungeweza kuushikilia ukuta wa Embakasi. Nadai kwamba nyumba ni siha, kama tamko la Alma-Ata lilivyoyahesabu maji na maliwato kuwa tiba, na kwamba hesabu ya majumba mabovu ya Nairobi haijapata meza katika kumbi hizo, ingawa mwaka 2009 mkutano wa saba wa dunia wa kuendeleza siha, uliofanyika mji huu huu, ulijipa kazi ya kuziba pengo lililo kati ya yanayojulikana na yanayotendwa.

Mikutano itaendelea kuja, na mimi si mmoja wa wanaotaka ikome. Amref, shirika lililozaliwa Nairobi mwaka 1957 kwa jina la Madaktari Warukao, lilianza mkutano wake wa kimataifa hapa mwaka 2014, na mwaka 2019 likaupeleka Kigali; jumba letu litapata wageni wengine. Nawasihi basi watakaowaalika, pamoja na serikali ya kaunti, jambo dogo lisilohitaji azimio: kabla mjumbe wa kwanza hajapewa nafasi ya kusema, na wasomewe hesabu za wadi tano za jimbo la Embakasi Mashariki, ilimo Tassia, ni nyumba ngapi zina maji ya bomba, ni majumba mangapi yamekaguliwa, ni wazazi wangapi waliokufa mwaka uliopita na kwa nini; na mkutano utakaofuata uanze kwa kusoma hesabu hizo hizo tena.