Jigi, kigezo na kishikilio

Miezi ya mafunzo viwandani ikiisha, wanafunzi wa uhandisi wa Makerere hushuka Wandegeya na ripoti zao kwenye fleshi, wakatafuta duka la kuchapisha na kujalidi. Mwenye duka huchukua kurasa chache, huzigonga mezani zilingane, huzisukuma ndani ya mashine ya kutobolea hadi zigote nyuma, huzitelezesha ubavuni hadi kikomo, kisha huvuta mkono wa mashine. Haangalii matundu wala hapimi kitu. Waliofanya mafunzo katika usanifu wa mitambo ya uzalishaji wameandika ndani ya kurasa hizo neno *jigi*, na kinachozitoboa ni ndugu wa karibu wa jigi lenyewe.

Jigi ni kifaa cha karakana chenye kazi mbili: kukalisha kipande mahali palepale kila mara, na kuongoza ncha ya chombo, kwa kawaida keekee, hadi pale inapotakiwa kupita. Ndugu yake, ambaye nitamwita *kishikilio*, hukalisha na kubana tu. Kuongoza chombo huachiwa mashine. Mafundi wengi huviita vyote viwili jigi, nami siwalaumu, lakini anayechora hana budi kuvitenganisha, kwa kuwa jigi la kutobolea linahitaji bushi na kishikilio hakihitaji. Bushi hapa inafanana kwa umbo na ile ya gereji, ila ni mrija mdogo wa chuma kigumu. Keekee hupita ndani yake, na bushi huzuia tundu la jigi lisiliwe na kupanuka.

Kwa nini kurasa zile haziendi upande? Kitu kisichoshikwa kina njia sita za kusogea: tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Vituo vitatu chini yake huondoa njia tatu, viwili ubavuni huondoa mbili, kimoja mwishoni huondoa iliyobaki. Hesabu hii ya tatu-mbili-moja ndiyo anayoanza nayo kila msanifu wa jigi. Karatasi imekalia bamba la mashine, imegota nyuma, imegusa kikomo cha ubavuni. Basi, haina pa kwenda. Kituo cha saba hakiongezi usalama. Kinachofanya ni kugombana na vile sita, na kipande huyumba.

Kiswahili kina neno kongwe linalokaribia: *kigezo*, kutoka *kugeza*, yaani kuiga. Kabla ya benki na kampuni za simu kulifunga kwenye “vigezo na masharti”, kigezo kilikuwa kitu cha kupimia au kuigiza kingine: kipande cha bati au ubao anachoweka fundi juu ya kazi ili achore mstari wake. Wapo wanaotaka tukirudishe kibebe maana ya jigi. Mimi sikubali. Kigezo kinaonyesha mahali, kisha mkono wa fundi ndio unaolenga, na keekee ikiteleza imeteleza. Jigi linalenga lenyewe. Tukivipa vyote jina moja tutakosa neno la bati lile, ambalo bado lina kazi kila karakana. *Kishikizo* nacho kimeshachukuliwa na shati. Jigi libaki jigi, wingi wake majigi, kama bushi na puli zilivyobaki.

Tofauti hiyo ya kulenga ilibadilisha viwanda. Huko Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, Marc Brunel alisanifu mashine za kutengeneza kapi za meli, na Henry Maudslay akaziunda. Kila mashine ilikuwa na kazi yake moja, na ubao ulibanwa kwa namna ileile kila mara. Watu 10 wasio mafundi wakafanya kazi iliyokuwa ikihitaji mafundi 110.

Kampala tofauti hiyo inaonekana wazi mtaani Katwe, kwenye mashine za kusagia mahindi. Kitako cha mota kina matundu manne. Yakitobolewa kwa macho, mota hukaa mshazari, puli mbili hazitazamani, na mkanda huliwa upande mmoja. Dawa ya haraka ni tupa: tundu hurefushwa, mota husukumwa hadi ikae sawa. Mashine hiyo itasaga vizuri tu. Shida huja mwenyewe anapotaka kitako kingine, kwa sababu kipuri hakitaingia. Kila mashine imekuwa na matundu yake.

Kuchora jigi la kitako hicho ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa mafunzo ya Juni hadi Agosti. Mchoro wake utahitaji majina ya Kiswahili pia: tangu marekebisho ya katiba ya 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe somo la lazima shuleni. Walimu wa ufundi nao watahitaji majina haya.

Kwenye mchoro, kitenzi cha kauli ya kutendea kinatosha kutaja kazi ya kifaa: jigi la kutobolea, la kukunjia, la kuchomelea. La kutobolea lisisahau nafasi ya chenga za chuma kwenye kona, maana chembe moja chini ya kipande hukiinua na tundu hupinda. La kuchomelea lina hila zaidi. Chuma kikipoa hujikunja na kuvuta, kwa hiyo kipande kilichoingia kwa urahisi hung’ang’ania ndani. Anayelichora aanze na njia ya kukitolea, vituo vifuate.