Sauti ya Abiria: Habari za Juhudi za Kuzuia Ajali Barabarani
Fedha za vyama kama chetu huenda zaidi katika kusafirisha maiti na kuwafariji wafiwa. Miongoni mwa hao tunaowazika wamo waliochukuliwa na barabara, si na maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa hivyo duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zisizo tajiri.

Wazee wetu wanakumbuka matatu zilipochukua watu kwa senti 30, vipande vitatu vya senti kumi, ndipo zikapata jina lake. Zilifanya kazi kwa kujificha mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu zichukue abiria pasipo leseni maalumu. Ruhusa ile iliwafaa sana maskini, nasi hatuna haki ya kuilaumu. Lakini magari yaliongezeka upesi kuliko nidhamu. Mwaka 2004 Waziri John Michuki alizilazimisha ziwe na mikanda, na vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa. Barabara zikatulia hata watu wakastaajabu. Baadaye mikanda ikakatika, vidhibiti vikachezewa, na mbio zikarudi.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu njia nyingine. Hawakuanza na askari wala dereva, bali na abiria. Stika zilibandikwa ndani ya matatu za safari ndefu, zikimhimiza abiria aseme dereva anapoendesha vibaya. Magari mengine yaliachwa bila stika ili yalinganishwe. Na ili stika zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa katika bahati nasibu. (Hapo ndipo ninapowasifu: waliijua tabia ya binadamu.) Katika magari yenye stika madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio la pili, kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa asilimia 25 hadi 33. Kampeni hiyo iliitwa Zusha, nayo iliendeshwa kwa fedha za msaada.

Abiria hanyamazi kwa kuwa ni jasiri. Anaogopa kifo, lakini anaogopa pia kuchekwa na makanga mbele ya watu. Stika humpa ruhusa. Naye akisema, yule wa kiti cha nyuma huitikia, na dereva hawezi kuwashusha wote.

Huko Dar es Salaam, shirika la hisani liitwalo Amend lilishughulikia watoto waendao shule kwa miguu. Liliweka matuta, vivuko na njia za miguu, na pengine likahamisha lango la shule lisielekee barabara yenye magari mengi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji.

Chama chetu kina mfuko wa mazishi, lakini hakina hata senti moja iliyotengwa kumzuia mtu asizikwe kabla ya wakati wake. Kwa hiyo pendekezo litawekwa mbele ya mkutano mkuu, kwamba sehemu ndogo ya ada itumike kuchapisha stika kwa magari yaendayo nyumbani kwetu, na sehemu nyingine isaidie mashirika yanayolinda watoto wa shule. Wazee wanaombwa waje na maoni yao, hasa juu ya maneno yatakayoandikwa.