Uso wa Picasso kwa Krayoni za Rangi

Juni 30, 1972, Pablo Picasso alijichora. Alikuwa na miaka 90, akiishi Mougins, kusini mwa Ufaransa, na vifaa alivyoshika havikuwa mbali na vile anavyonunuliwa mtoto wa chekechea: penseli na krayoni za rangi. Kichwa kilichotoka ni kizito kama jabali, macho yamekodolewa na hayalingani. Rafiki yake, mwandishi Pierre Daix, alisimulia kwamba Picasso aliuweka mchoro huo kando ya uso wake, kuonyesha kuwa hofu iliyomo ni ya kubuni tu. Daix aliporudi baada ya miezi mitatu, alikuta mistari imekolezwa zaidi. Aprili mwaka uliofuata, mzee akafariki.

Macho yale yana ukoo mrefu. Mwaka 1906 makumbusho ya Louvre, Paris, yalionyesha vichwa vya mawe vilivyochongwa Hispania ya kale, na Picasso akavutiwa navyo kiasi cha kununua viwili vilivyoibwa humohumo. Alivirudisha mwaka 1911, polisi walipokuwa wakihaha kuitafuta picha ya Mona Lisa iliyoibwa. Katika picha aliyojichora kwa rangi za mafuta mwaka 1907, ambayo sasa iko Prague, macho ni makubwa na yamezungushiwa mistari mizito, kama ya vichwa vile. Mwaka huohuo aliingia Makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakutana na vinyago vya Afrika. Mafundi waliovichonga hawakuandikwa majina. Sifa zikamwendea mgeni aliyevitazama.

Penseli ya rangi yenyewe haina uzee huo katika sanaa. Faber-Castell ya Ujerumani ilitoa Polychromos mwaka 1908, zikiwa na rangi 60, na Caran d'Ache ya Geneva ikafuata mwaka 1931 na Prismalo, zinazoyeyuka kwa maji. Kiini cha penseli ya kawaida ni grafiti iliyochanganywa na udongo, kisha huchomwa tanuruni. Cha penseli ya rangi hakichomwi, kwa kuwa moto ungeiharibu rangi. Hushikanishwa kwa nta na gundi.

Nta hiyo ndiyo inayomsumbua anayejichora. Ngozi haipatikani kwa penseli moja: hupandishwa tabaka juu ya tabaka, manjano, waridi, kahawia, hata kijani kwenye vivuli, mpaka karatasi inateleza na kukataa rangi zaidi. Ufutio hausaidii sana. Na baadhi ya rangi za waridi na zambarau hupauka zikikaa juani.

Kifo cha Picasso kilimkuta David Hockney, Mwingereza, akiwa tayari mwanafunzi wake wa mbali. Mwaka 1960, akisoma Royal College of Art, aliyarudia mara kadhaa maonyesho ya Picasso pale Tate, London. Mwaka 1973 alihamia Paris, ambako alimchora rafiki yake, Celia Birtwell, kwa krayoni za rangi kwenye karatasi kubwa, kwa upole ambao Picasso wa 1972 hakuwa nao hata kidogo. Jijini humo alifunzwa uchapaji na Aldo Crommelynck, fundi aliyechapa kazi za Picasso. Matunda yake ni “Artist and Model”, chapa inayowaweka Hockney na Picasso meza moja, ingawa hawakuwahi kuonana. Picasso amevaa fulana ya mistari. Hockney, aliyekwisha kuwa na jina kubwa, hakujipa kiti cha mchoraji: amekaa uchi, kwenye nafasi ya anayechorwa.