Kurudiana kwa Wapenzi na Historia ya Nyumbani katika Riwaya za Jane Austen na Georgette Heyer

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria haijapata heshima kubwa katika idara za fasihi. Aghalabu huwekwa katika fungu la riwaya pendwa, pamoja na hadithi za upelelezi, ikaachiwa wasomaji wa safarini. Hoja itolewayo ni kwamba historia iliyomo humo ni pambo tu: magari ya farasi, mavazi na dansi za usiku, hali mapenzi yenyewe yangeweza kutokea mwaka wowote. Kwa vitabu vingi hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hukwama inapofikishwa kwenye riwaya za kurudiana, yaani zile za wapenzi waliotengana wakaja kukutana tena baada ya miaka, kwani humo wakati wenyewe ndio kisa.

Katika Kiingereza, mfano mkuu wa aina hii ni Persuasion ya Jane Austen, iliyotolewa Desemba 1817, miezi mitano baada ya mwandishi kufariki. Anne Elliot, binti wa bwana mwenye cheo na madeni, alimkubali Frederick Wentworth mwaka 1806, akiwa na umri wa miaka 19. Wentworth alikuwa ofisa wa jeshi la majini asiye na mali. Lady Russell, aliyekuwa kama mama kwa Anne tangu mama mzazi afariki, alimshauri auvunje uchumba, naye akatii. Miaka minane ikapita. Kilichomrudisha Wentworth mwaka 1814 si majaliwa matupu, bali ni amani iliyofuata kushindwa kwa Napoleon. Vita vilikuwa vimempa utajiri wa paundi 25,000, ngawira ya meli za adui, na amani ikawashusha maofisa wa manowari pwani watafute nyumba za kupanga. Mmoja wao, Admirali Croft, shemeji yake Wentworth, akapanga nyumba ileile ya akina Elliot, ambayo baba yake Anne hakuweza tena kuigharimia. Ondoa vita hivyo, na riwaya haina mwanzo wala mwisho.

Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba vita hivyo havionyeshwi hata mara moja. Vinasomwa ndani ya nyumba. Kellynch, makao ya akina Elliot, ni jumba la vioo. Kazi mojawapo ya kwanza ya Admirali Croft ni kuviondoa vile vikubwa katika chumba alimovalia Sir Walter. Kule Lyme, Kapteni Harville, aliyejeruhiwa vitani, anaishi na mkewe na watoto katika vyumba vidogo mno. Ametengeneza rafu kwa mikono yake, anawachongea watoto vitu vya kuchezea, na wageni hawaishi. Anne anapotoka humo anahuzunika, maana anayatambua maisha ambayo yangekuwa yake. Hasara ya miaka minane inapimwa kwa rafu na kwa vitu vya watoto.

Sura za mwisho za kitabu hiki Austen aliziandika mara mbili, na rasimu aliyoikataa, ya Julai 1816, imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Uingereza. Katika rasimu hiyo wapenzi wanapatana nyumbani kwa Admirali Croft kwa kuwa Wentworth ametumwa kumwuliza Anne swali kuhusu nyumba ya Kellynch. Ni mapatano ya bahati. Katika maandishi mapya, aliyoyamaliza Agosti mwaka huohuo, Anne anabishana na Harville juu ya uthabiti wa wanawake katika mapenzi, naye Wentworth, aliyeketi mezani akiandika, anasikia na kumwandikia barua palepale. Kwa badiliko hilo, mwanamke aliyenyamazishwa na ushauri wa wakubwa mwaka 1806 anarudiana na mpenziwe kwa maneno yake mwenyewe.

Austen aliandika juu ya miaka aliyoishi. Aliyeifanya miaka hiyo kuwa makao ya riwaya ya kihistoria ni Georgette Heyer (1902–1974). Afrika Mashariki inayo sehemu ndogo katika maisha yake. Mumewe alikuwa mhandisi wa madini, na katika miaka ya 1920 walikaa Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, katika nyumba ya matete porini. Humo, mbali na vitabu vyake vya rejea, Heyer aliandika The Masqueraders, iliyotolewa 1928, kisa cha Uingereza baada ya uasi wa 1745. Nchi iliyomzunguka na watu waliomtumikia hawamo. Raha ya nyumbani katika riwaya zake ina kuta, na si kila mtu hupita mlangoni: katika The Grand Sophy (1950) Myahudi mkopesha fedha amechorwa kwa chuki isiyotetewa na ucheshi wowote wa kitabu hicho.

Heyer alimjua Austen vizuri kiasi cha kumjibu. Katika Bath Tangle (1955) mwanajeshi anamrudia mpenzi wake wa ujanani, kama Wentworth, lakini wote wawili wanagundua kwamba walichotunza miaka yote ni picha tu.

Jibu zito zaidi ni A Civil Contract (1961), kinachoanza mwaka uleule wa 1814. Adam Deveril anarudi kutoka vitani kurithi cheo na madeni ya baba yake. Anampenda Julia, lakini ili kuiokoa milki anamwoa Jenny, binti wa mfanyabiashara tajiri, Jonathan Chawleigh, mtu wa makelele na ukarimu usio na adabu. Hapana mahaba hapa. Pana mke anayejua mumewe anapenda kula nini na lini asisemeshwe, mashamba yanayohitaji mbinu mpya za kilimo, na mtoto anayezaliwa. Wako wasomaji wapenzi wa Heyer waliokichukia kitabu hiki kwa sababu hiyohiyo, na bila shaka ndicho kitabu chake bora.

Juni 1815 habari za Waterloo zinafika London zikiwa zimepotoka, na hofu inaenea katika soko la fedha. Chawleigh anamhimiza Adam auze hati zake za deni la serikali. Adam, aliyepigana chini ya Wellington, ananunua nyingine. Anapata faida ya kutosha kujitoa katika fadhila za baba mkwe. Kwa mara ya kwanza hana deni la fedha kwa mtu. Julia naye ameshaolewa na mwingine, na Adam, akimtazama, anashangaa kwamba hatamani kurudi. Jenny anajua kwamba hatapendwa kama Julia alivyopendwa. Anaendelea na shughuli za nyumba, na Adam anabaki kuzungumza naye.